Maswali ya Wasomaji: Kuwasha kwa Mara ya Kwanza Injini Iliyofanyiwa Ovaholi

Barua za magari ya zamani zimekuwa nyingi, na mwezi huu tatu kati yake zinahusu jambo lile lile: injini imefunguliwa, imechongwa, imefungwa upya, na mwenye gari ana hamu ya kuisikia inanguruma. Tumeipa nafasi kubwa barua ya kwanza kwa sababu mwenyewe hajaiwasha bado, na kwa hiyo bado kuna kitu cha kuokoa.

SWALI: Shikamoo, fundi wetu. Marehemu baba alituachia Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976, yenye injini ya petroli ya silinda nne. Ililala bandani miaka 11. Mwaka huu tumeifanyia ovaholi: bloku imechongwa, pistoni na ringi ni mpya, na krenki imekerezwa na kuwekewa beringi za saizi yake. Injini ilirudishwa garini miezi mitatu iliyopita, ila kabureta ilichelewa kupatikana. Sasa kila kitu kipo. Fundi wangu anasema Jumamosi tulivute kwa Canter la jirani mpaka liwake, maana injini mpya ni ngumu na stata haitaiweza. Nifanye nini kabla ya siku hiyo? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Gari lisivutwe. Naanza na hilo kwa sababu nalichukulia kuwa ndilo hatari kubwa kuliko yote uliyoyaandika. Gari linapovutwa likiwa kwenye gia, krenki inazungushwa kwa nguvu nyingi huku plagi zikiwa zimefungwa na mgandamizo wote ukizikalia beringi, wakati oili haijafika popote. Aliyeko kwenye usukani anaangalia kamba na barabara, haangalii presha ya oili, na injini ikishika inashika kwa kishindo. Tena yako imekaa miezi mitatu bila kuzungushwa, kwa hiyo ile oili ambayo fundi aliipaka wakati wa kufunga imeshachuruzika kurudi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Kazi yote ya kabla ya kuwasha ina shabaha moja tu: beringi, kamshafti (shafti inayoendesha valvu) na roka (vikono vinavyozisukuma valvu) zipate oili kabla cheche ya kwanza haijaruka.

Anza na maji, wala si oili. Jaza rediota taratibu, ukiwa umefungua koki ya hita ili hewa itoke, kisha liache gari lilale usiku kucha. Asubuhi legeza nati ya chini ya sampu kidogo tu, mpaka itone. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama gasketi ya silinda hedi inavuja au bloku ina ufa, kitakachotangulia kutoka ni maji, na utakuwa umeligundua tatizo kabla halijakuharibia chochote. Kama ni pakavu, kaza nati hiyo na uendelee.

Oili iwe ya kawaida isiyo ya sintetiki, yenye uzito wa 20W-50. Usitumie ya bei ghali inayosifiwa kwa utelezi, kwa sababu ringi mpya zinahitaji msuguano kidogo ili zikae vizuri ukutani mwa silinda, na tena oili hii utaimwaga mapema. Sampu yako inachukua takriban lita 6, na filta karibu lita moja juu ya hapo. Katika injini hii filta ni ya karatasi, inakaa ndani ya bakuli la chuma linaloning'inia ubavuni mwa bloku, mdomo ukiangalia juu. Lijaze bakuli hilo oili kabla ya kulipandisha, kwa kuwa pampu isipolazimika kulijaza yenyewe, presha itapanda mapema zaidi. Na hapo tafadhali chukua tochi na msumari mwembamba, uchunguze mfereji ule wa juu ambamo ringi ya mpira inakaa. Ringi ya zamani hukauka ikawa ngumu na nyeusi kama chuma chenyewe, na fundi huweka mpya juu yake bila kujua. Niliwahi kusimama kwenye gereji moja nikaona injini iliyotoka kuchongwa ikitema oili yake yote sakafuni kwa muda usiofika dakika moja, kwa sababu ya ringi mbili zilizopandana. Beringi zote zilikwisha, na kazi ikaanza upya. Tangu siku ile sijawahi kufunga filta bila kuupitisha msumari kwenye mfereji.

Kama sampu ingekuwa bado iko wazi, ningekuomba uijaze pampu ya oili vaselini ili ivute haraka, lakini hatua hiyo imeshapita. Lililobaki ni hili. Toa plagi zote nne, umimine oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai katika kila tundu. Fungua kifuniko cha roka umwagie oili roka zote na ncha za pushirodi, uiache ichuruzike kwenda kwenye kamshafti. Kisha chukua hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini. Hii ni neema ambayo magari ya leo hayana: Land Rover yako ina tundu la hendeli mbele, na mkono wako utahisi mambo ambayo stata haiwezi kukueleza. Zungusha polepole mizunguko kadhaa mizima. Injini mpya isiyo na plagi huwa nzito, lakini uzito wake unapaswa kuwa sawa mzunguko mzima. Ukikuta mahali pamoja panapokaza, au pistoni inapofika juu ukasikia kugusa, simama papo hapo na usilazimishe.

Ukiwa na hendeli hiyo hiyo mkononi, pima mwanya wa valvu. Kwa injini hii ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane, za kuingiza na za kutoa. Njia rahisi ni ya kujumlisha tisa: hesabu valvu kuanzia mbele, na ile namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1, namba 6 ikifunguka, rekebisha 3, namba 7 ikifunguka, rekebisha 2, na kadhalika, mradi jumla iwe tisa.

Baada ya hapo weka taimingi, yaani cheche iruke kwa wakati wake. Ziba kwa kidole gumba tundu la plagi ya silinda ya kwanza, ambayo kwenye Land Rover ni ile ya mbele karibu na feni, huku mwenzako akizungusha hendeli. Upepo ukikisukuma kidole, pistoni hiyo inapanda kwa mgandamizo. Ifikishe kwenye alama, kisha fungua kifuniko cha distributa uone kama rota inaelekea waya wa silinda hiyo. Waya zifuatane 1-3-4-2, kwa upande ule rota inakozungukia, ambao utauona kwa macho yako. Pointi ziwe na mwanya wa milimita 0.36 hadi 0.40. Makini haya yote yana sababu: injini mpya ambayo taimingi yake haijakaa itazungushwa na stata dakika nzima bila kuwaka, huku petroli mbichi ikiosha oili kwenye kuta za silinda zilizotoka kuchongwa.

Sasa ndiyo unaijazia mishipa yake oili. Plagi zikiwa bado ziko nje, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, na petroli isiwe imeunganishwa. Hakikisha betri imejaa, na uangalie kwa macho yako waya mnene wa athi unaounganisha injini na chesesi, maana husahaulika mara nyingi gari linapofungwa upya, halafu stata inalaumiwa bure. Piga stata kwa sekunde 10 au 15, ipumzishe dakika moja, piga tena. Bila plagi itazunguka kwa wepesi, na beringi hazitabeba mzigo wowote wa maana. Taa ya oili kwenye dashibodi haitoshi. Azima geji ya presha uifunge kwa muda mahali pa swichi ya taa hiyo. Sindano ikiinuka, usishangilie bado. Acha kifuniko cha roka wazi, endelea kwa vipindi hivyo hivyo, na uangalie kwa tochi mpaka uone oili inajitokeza yenyewe kwenye shafti ya roka, inang'aa, inateremka polepole. Pale ndipo mwisho wa safari yake, na ikifika pale imeshapita kwingine. Inaweza kuchukua muda, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Kama baada ya vipindi kumi geji haijatikisika hata kidogo, usiiwashe. Mwambie fundi akague pampu na njia zake.

Kuhusu petroli, usitumie iliyo kwenye tangi. Miaka 11 imeigeuza kuwa gundi, na tangi lenyewe lina kutu. Weka dumu safi lenye petroli mpya, liunganishe na pampu kwa mpira mzima wenye klipu, mbali na bomba la moshi. Pampu ya injini yako ina kipini kidogo cha kuipampu kwa mkono, nawe kitumie mpaka kabureta ijae, ukikagua kama kuna mahali panapovuja.

Siku yenyewe plagi na waya wa koili viwe vimerudishwa, gari liwe nje ya banda, matairi yamewekewa vigingi, gia iko nyutro, na mtungi wa kuzimia moto uko karibu na mtu anayejua kuutumia. Mwingine aangalie geji, na hiyo iwe kazi yake peke yake. Injini ikiwaka, presha isipopanda ndani ya sekunde chache, zima bila kujadiliana. Ikipanda, usiipige resi, wala usiiache kwenye silensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Ishikilie kwenye mzunguko wa kati, kama 1,500 kwa dakika, ukiipandisha na kuishusha kidogo kidogo. Huenda umesikia kwamba ni lazima izunguke 2,000 au zaidi kwa dakika 20 bila kushuka. Ushauri huo ni wa kweli kwa injini zenye tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) bapa, kama ya Volkswagen Beetle, ambazo kamshafti yake mpya inaweza kulika siku hiyo hiyo. Tapeti za Land Rover yako zina rola, kwa hiyo kwako jambo hilo si la kufa na kupona.

Moshi wa bluu wa dakika za mwanzo ni oili uliyoimwaga mwenyewe, na harufu ya rangi inayoungua kwenye manifoldi ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni mlio wa kugonga unaofuata mzunguko, maji kushuka kwenye rediota bila kukoma, au presha kuporomoka injini inapopata joto. Ikiwa imepata moto wake na inazunguka kama 2,000, geji isome kati ya paundi 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Baada ya dakika 20 zima, iache ipoe kabisa mpaka kesho yake, kisha pitia bolti za silinda hedi kwa spana ya toki kwa mpangilio wake, zile kubwa kwa futi-paundi 65, na upime tena mwanya wa valvu, kwani utakuwa umebadilika. Mwaga oili ile pamoja na filta kabla ya kufanya safari yoyote, na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la kijivu ni la ringi. Vipande vinavyometameta vikishikika kwa vidole ni vya beringi, na hapo gari lisisogee.

SWALI: Peugeot 504 yangu ilifanyiwa ovaholi, kisha fundi akaiacha ikiwa silensa kuanzia asubuhi hadi jioni, siku mbili mfululizo, akisema anailainisha. Sasa ina kilomita 300, inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Je, ringi zilikuwa mbovu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Huenda ringi zilikuwa nzuri kabisa. Desturi hii ya kuilainisha injini kwenye silensa imeenea sana, na inaniumiza kwa sababu mafundi wengi wanaifanya kwa nia njema. Ringi haikazwi ukutani na unyumbufu wake peke yake. Inasukumwa na gesi ya mwako inayopenya nyuma yake, na gesi hiyo huwa na nguvu pale tu injini inapobeba mzigo. Kwenye silensa presha ni ndogo, petroli ni nyingi, na ile mikwaruzo myembamba iliyopishana ambayo karakana iliiacha kwenye slivu (mirija ya ndani ya silinda) inajazwa utando mgumu wa oili iliyoungua, mpaka ukuta unakuwa kama kioo. Ringi inateleza juu yake bila kukaa.

Usiifungue bado. Badilisha oili uweke ya kawaida isiyo ya sintetiki, kisha uifanyie kazi barabarani. Mlima wa kuelekea Mau Summit unakufaa: panda kwa gia ya tatu ukikanyaga mafuta zaidi ya nusu, bila kuisukuma mpaka ilie, halafu achia pedali gari lipunguze mwendo lenyewe likiwa kwenye gia, na urudie hivyo mara kadhaa huku ukiangalia geji ya joto. Fanya hivyo kwa kilomita 500 na uandike unaongeza oili kiasi gani. Ikipungua, endelea. Isipopungua, slivu zitolewe zisuguliwe tena na ringi ziwekwe mpya. Bahati yako ni kwamba slivu za 504 zinatoka, hivyo bloku haihitaji kuchongwa.

SWALI: Nimefunga upya injini ya 504 kwa mikono yangu. Waya za plagi nimezifuata 1-3-4-2 kama inavyotakiwa, lakini haiwaki, na kabureta inatema moto. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Bila shaka umehesabu silinda kuanzia kwenye feni. Peugeot huhesabu kuanzia upande wa klachi, kwa hiyo silinda ya kwanza ni ile ya nyuma kabisa. Ondoa filta ya hewa usiiunguze, toa plagi, tafuta mgandamizo wa silinda hiyo ya nyuma kwa kidole, kisha zipange waya upya. Umeshaizungusha sana, kwa hiyo kabla ya kujaribu tena mwagia kijiko cha oili katika kila silinda, na uchomoe kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili kwanza.