Dona, asali na chai ya baada ya kula

Mume wangu hataki dona, anasema ni chakula cha jela. Mimi nasikia ndicho chenye afya. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

Mkweli ni wewe, ila usimcheke bado. Mahindi yakikobolewa huondoka ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini B. Kinachobaki kwenye sembe ni wanga kwa wingi, mweupe wa kupendeza, basi.

Lakini dona lina sharti lake. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ikiingia nyingi kwa mpigo inaua: mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiumia zaidi, mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, hukaribisha saratani ya ini. Kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo, kwa hiyo anayesaga dona ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi na mahindi yake. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kwenda mashineni mwaga mahindi kwenye ungo, toa punje zilizooza, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Usiwape kuku.

Halafu saga ya wiki mbili tu. Mafuta ya kiini hufanya unga ukikaa uwe mchungu, na nadhani huo uchungu ndio uliomfanya mumeo alikatae.

Nina kisukari. Nimeacha sukari, chai naweka asali. Niko salama? (Msomaji, Tabora)

Kumnyima mtu wa Tabora asali ni kujitafutia ugomvi, lakini ikishafika kwenye damu asali ni sukari. Kijiko chake kihesabu kama kijiko cha sukari. Chai itie tangawizi, mchaichai au mdalasini, ulimi utazoea baada ya wiki chache. Kopo la asali usilitupe: siku sukari ikishuka ghafla ukaanza kutetemeka na kutoka jasho, kijiko kimoja kikubwa kitakufaa.

Lehemu (kolesteroli) yangu iko juu. Niache nazi? (Msomaji, Tanga)

Usiache, punguza. Nazi yenyewe haina lehemu, ila mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya mwilini. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iwe ya sikukuu. Siku nyingine pikia tui jepesi, nazi moja itoshe vyungu viwili. Kunde, maharage na mbaazi ziko upande wako, maana nyuzinyuzi zake husaidia kuishusha lehemu. Kwa hiyo asubuhi ukiletewa mbaazi na mahamri, ongeza mbaazi, mahamri yawe moja.

Ni mjamzito, damu yangu ni chache. Nakunywa rozela na juisi ya bitiruti kila siku, haipandi. Nakula vizuri, na nashushia chai ya rangi. (Msomaji, Mwanza)

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyoisoma mara mbili. Chai hushika madini ya chuma tumboni, mwili ukakosa kuyachukua. Isogeze mbele, saa moja au mbili baada ya kula.

Kuhusu rozela na bitiruti: wekundu wa juisi si wingi wa damu. Zinywe kama unazipenda, lakini chuma kitafute kwenye nyama, samaki, dagaa na maharage. Dagaa mnao hapo ziwani. Chuma cha maharage na mchicha huingia kwa shida, hivyo kamulia limau juu ya sahani au kula chungwa papo hapo, vitamini C hukisaidia kupita. Vidonge vya kliniki meza kama ulivyoelekezwa, navyo visiandamane na chai. Na uliza upimwe malaria na minyoo, maana hivyo navyo hula damu hata ukila vizuri namna gani.

Tunapika kwa chumvi kidogo, mbona presha ya mama haishuki? (Msomaji, Dar es Salaam)

"Kidogo" ya nani? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo mna ya mkate, ya ng'onda, ya kachumbari na ya vile vipande vya kiungo cha mchuzi.

Fanyeni hivi. Kama mko watu wazima wanne, Jumapili usiku pima vijiko bapa 28 vya chai vya chumvi, weka kwenye kopo moja, kila mtu achote humo, mpishi na mwenye embe lake bichi. Likikauka Alhamisi, mmepata jibu. Likifika Jumapili, bado msishangilie sana: vipande vya mchuzi havikupita kwenye kopo. Dawa za mama ziendelee vilevile.