Jibu: Dakshundi wawili waliookolewa, na mama mkwe hataki mbwa nyumbani

Asalaam alaykum dada, na wote mliomo.

Umesema mko Fuoni, hapa hapa Unguja, na jirani zenu Wajerumani wanahama mwisho wa mwezi. Wana dakshundi wawili, wale mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu, waliowatoa kwa mtu aliyekuwa akiwazalisha bandani kwa biashara. Wanataka kukuachieni nyinyi. Watoto wameshawapenda, mumeo hana neno, lakini mama mkwe amesema mbwa hawaingii. Unauliza muanzie wapi.

Wenzangu waliotangulia wamekujibu habari za chakula na chanjo, na wamesema kweli. Mimi nitaanza na mama mkwe, kwa sababu mimi nilianza na mbwa, na lile kosa lilitutesa sote, wakiwemo mbwa wenyewe.

Nakaa Jambiani. Mwaka 2020 nilikuwa mlinzi na mtunza bustani kwa mama mmoja wa Kijerumani hapa pwani. Mwezi wa tatu, habari za corona zilipozidi, akaondoka mbio akidhani ni wiki chache tu. Hakurudi tena. Nyumba ikauzwa, na aliyeinunua hakutaka mbwa. Walikuwepo wawili: Lotte, jike mtu mzima, na Bruno, dume aliye mdogo kwake. Yule mama naye alikuwa amewatoa bara kwa mfugaji aliyekuwa akimzalisha Lotte mfululizo bila kumpumzisha. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa tatu kwao.

Siku niliyowachukua sikumwambia mtu. Niliwapakia kwenye tenga la baiskeli, nikafika nyumbani magharibi inakaribia, mama yangu ameshatia udhu, amejifunga kanga yake ya kusalia, anangoja adhana. Bruno alikuwa ametoka baharini, bado chepe chepe. Akarukia barazani, akajikung'uta, maji yote yakamrukia mama. Sisi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu majimaji ya mbwa ni najisi. Ikabidi mama afue mara saba, moja yake kwa udongo, na ajioshe vivyo hivyo, sala ikamfikia ukingoni. Hakunigombeza. Alihamia kwa dada yangu, nyumba ya tatu, akakaa siku mbili bila ya kula kwangu.

Siku ya tatu nilimfuata, tukaenda pamoja kwa mwalimu wa madrasa, na huko ndiko nilikotakiwa kwenda kabla ya kugusa tenga. Mwalimu alitusikiliza wote wawili. Akatueleza kwamba kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Kinachohamisha ni mate na majimaji, na hapo ndipo pa kuosha mara saba. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wana ruhusa iliyo wazi, na wa kulinda nyumba wanavyuoni wamemlinganisha nao. Vyumba vya kulala na kusalia, hapana. Kisha akatukumbusha yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Mama aliuliza swali moja tu: nani ataosha vyombo? Nikasema mimi. Ndipo akakubali kurudi.

Mipaka aliiweka mama, sikuiweka mimi, na nadhani ndiyo maana imesimama mpaka leo. Mbwa hawavuki kizingiti cha mlango. Banda lao liko uwani, limeegemea ukuta wa jiko la nje, ili wasijione wametupwa, kwa sababu mchana kutwa pana mtu pale. Bakuli zao ni za bati, nimezipaka rangi nyekundu ukingoni, na zinaoshwa kwenye bomba la nyuma, ambako pana ndoo ya udongo safi wakati wote. Mimi nina suruali ya mbwa na shuka ya mbwa. Kila mtoto ana kanga yake kuukuu ya kazi hiyo. Kuwatembeza ni baada ya alfajiri watu wakishatawanyika, na baada ya alasiri, tena kwa njia ya ufukweni. Sipiti nao njia ya msikitini, maana mtu aliyevaa kanzu ya kusalia hana kosa lolote hata aanze kuruka pembeni kwa ajili yangu.

Dada, mkishakwenda kwa shehe wenu na mama mkwe akabaki na hapana yake, basi iheshimuni. Watafutieni mbwa nyumba nyingine mapema. Mbwa aliyeingizwa kwa kumficha mkubwa wa nyumba huishia kupigwa mafagio na kumwagiwa maji kila asogeapo, na hawa wameshapigwa vya kutosha. Ila asikwambie mtu kuwa mbwa ni kitu kigeni kwetu. Wasasi wa vijiji vya kusini wanawinda na mbwa tangu enzi za mababu, na watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni.

Sasa mbwa wenyewe.

Siku tatu za mwanzo Lotte alijichimbia chini ya kitanda cha kamba uwani, akawa anakula usiku tu. Watoto walitaka kumvuta. Niliwakataza, na mimi sikumwita. Nilikuwa nikikaa hatua nne kutoka pale nasuka dema, mtego wa samaki, bila ya kumtazama. Siku ya nne akatoka mwenyewe kunusa fito. Ilichukua kama miezi mitatu mpaka akalala chali mbele yetu. Mbwa aliyebadilishwa mikono mara nyingi hungoja kuona kama na wewe utaondoka, na hakuna chakula wala maneno matamu ya kuifupisha hiyo kazi, ni siku tu zipite.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni lugha. Wale walikuwa wanajua Kijerumani: Komm ni njoo, Platz ni lala chini, Nein ni usifanye. Nilikuwa nimeyasikia kazini, nikawafundisha watoto. Waombe jirani zenu wakuandikie maneno wanayotumia, na wakuachie fulana waliyoivaa bila ya kuifua, uitandike bandani. Na msiwatenganishe wale wawili hata jamaa akija kuomba mmoja.

Watachimba. Jina lenyewe kwa Kijerumani ni mbwa wa dachs, na dachs ni mnyama wa Ulaya anayeishi kwenye mashimo, jamaa wa mbali wa nyegere. Walizalishwa miguu mifupi na kifua kipana makusudi waingie shimoni wamfuate, na sauti nzito wasikike kutoka chini ya ardhi. Basi usimwadhibu mbwa kwa kazi aliyoumbiwa. Walipomaliza tuta la mchicha la mke wangu niliwapa kona yao ya mchanga, nikawa nawafukia vipande vya dagaa, na tuta likapona. Chini ya ua wa makuti nilizika mawe, kwa sababu walikuwa wakitoka kwa chini kama maji. Panya buku hawajaonekana uwani kwetu tangu hapo.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu mgongo.

Ile miguu mifupi inakuja na kasoro ya gegedu, ule mfupa laini wa viungo, na kasoro hiyo haiko miguuni tu. Zile diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukakamaa mbwa angali kijana. Akiruka vibaya, au hata bila ya kuruka, diski inapasuka na kubana mshipa mkuu wa fahamu. Kiasi cha dakshundi mmoja katika kila wanne au watano hupatwa na hili katika maisha yake. Na sisi nyumba zetu zina baraza. Kwa mtu ni pahala pa kukaa. Kwa mbwa mwenye kimo cha sentimita ishirini na kitu, kuruka baraza kila siku ni kama mimi niruke kutoka juu ya paa la banda.

Bruno alikatazwa kuingia ndani, lakini barazani tulimwacha. Alfajiri moja mwaka 2022 nilimkuta chini ya baraza anajivuta kwa mikono, miguu ya nyuma imelala kama kitambaa. Hakulia. Alikuwa anatetemeka tu na kunitazama. Jirani akaleta vidonge vyake vya maumivu, vile vya diclofenac, akisema nimpe nusu. Nashukuru sikumpa. Dawa hizo za watu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Nilimtelezesha juu ya ubao, nikamfunga kwa kanga asijipinde, nikampeleka mjini kwa daktari wa mifugo kwa gari ya kukodi.

Daktari alimbana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Bruno akageuza kichwa akalia. Daktari akasema hiyo ndiyo habari njema, maumivu bado yanafika kichwani, pana matumaini bila ya upasuaji. Akampa dawa ya uvimbe, na amri: wiki sita ndani ya kizimba kidogo, asitembee, asiruke, atolewe kwa kubebwa kwenda haja tu na kurudi. Akanifundisha kumkamua mkojo kwa mkono, kwa sababu kibofu nacho kilikuwa kimelala. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka mara mbili usiku. Hiyo najisi, udongo na maji mara saba, niliifanya kila siku bila ya kuhesabu. Asubuhi moja nilichelewa kurudi kutoka baharini, nikamkuta mama amechuchumaa mbele ya kizimba, anamsukumia bakuli la maji kwa ncha ya kijiti, anamwambia kunywa baba, kunywa. Hajapata kumgusa mbwa hata leo. Lakini maji yao ya asubuhi ni kazi yake, na ukitaka kumnyang'anya atakukasirikia.

Wiki ya tatu mkia ulitikisika. Ya tano akasimama, akaanguka, akasimama. Leo anatembea, kiuno kinayumba kama mtumbwi uliopigwa na mawimbi ubavuni, na watoto wa mtaa wanamwita mbwa mtumbwi.

Kwa hiyo kabla hawajaja wekeni ubao wa mteremko barazani na kwenye kila ngazi, ukiwa umepigiliwa gunia wasiteleze. Kuwabeba ni mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya makalio, mgongo ulale sawa. Mtoto asimnyanyue kwa makwapa. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, shingoni hapana. Na wasinenepe, maana kila kilo ya ziada inakaa juu ya ule mgongo. Ukitazama kutoka juu uone kiuno. Ukipapasa uhisi mbavu bila ya kubonyeza.

Chakula tunachowapa ni wali na dagaa waliochemshwa bila chumvi, na boga. Mabaki ya pilau na biriani msiwape hata siku ya Idi: vitunguu na thomu, yaani kitunguu saumu, vinawaharibia damu, na zabibu zinaweza kuua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana. Mkiwaleta pwani kutembea, angalieni bunju, yule samaki wa sumu anayevimba, aliyetupwa na maji. Mbwa akimla, sumu yake inamziba pumzi, na haina dawa ya kuiondoa.

Kupe, kagueni kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, khasa wakati wa masika. Homa ya kupe inaua mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa msiipitishe. Wenzetu wa Pemba walikuwa wameshaumaliza ugonjwa huu kwa kuchanja, ukarudi mwaka 2016, ikabidi kampeni ianze upya mpaka ukatoweka tena 2018. Ugonjwa ukishaonesha dalili kwa mtu, hauponi.

Nalisema hili kwa sababu Bruno aliwahi kumuuma mwanangu wa miaka sita. Mtoto alitia mkono kwenye bakuli mbwa akila. Kidole kikatoka damu kidogo. Tuliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku ile ile, na cheti cha chanjo cha Bruno mkononi kilimsaidia daktari kuamua. Dakshundi ni mdogo lakini ana taya za mbwa wa kuwinda, na aliyewahi kunyimwa chakula hulinda bakuli lake. Tangu hapo wanakula bandani, mlango umefungwa, na kila mtoto anajua.

Jirani zenu wasiondoke bila ya kukupa vyeti vya chanjo, habari kama jike amefungwa kizazi, na kama kuna aliyewahi kuumwa mgongo. Waulize kwa uwazi, kwa sababu mgongo ulioumwa mara moja huweza kuumwa tena.

Nenda kwao na mama mkwe kwanza, watoto wabaki nyumbani. Mbwa wawe wakavu na wamefungwa. Akae nusu saa, atazame, aulize mwenyewe. Ukirudi niandikie hapa alichosema, na unipe kimo cha baraza yenu. Yetu ni sentimita 45 na ubao wake ni mita mbili. Ukifupisha zaidi ya hapo Lotte anagoma kupanda.