Maswali na majibu: mbuzi wa mazuku darasani

Wiki hii walioandika ni walimu wa biolojia wa sekondari, wanaotaka kutengeneza masomo ya mtandaoni yanayoanzia kwenye tatizo badala ya maelezo.

Natengeneza kurasa za somo la upumuaji. Nianze na nini? (Mwalimu, Goma)

Anza na mbuzi, ndugu yangu, mapafu yatafuata. Ukurasa wa kwanza uwe na mistari mitano tu. Asubuhi ya baridi, penye mawe ya lava, mbuzi watatu wamekutwa wamekufa kwenye kibonde. Hawana jeraha. Mchungaji alisimama kando yao asipatwe na kitu, ila alipoinama kumvuta mmoja, kizunguzungu kikamshika. Kumetokea nini? Ishia hapo.

Huko kwenu kila mtoto atajibu "mazuku!", ile hewa mbaya ya mabondeni. Vizuri, sasa mwulize: mazuku ni nini hasa, na mbona yanaua mbuzi kabla ya mtu?

Kurasa zinazofuata zitoe habari kidogo kidogo kadiri kundi linavyoomba: upepo ulikuwaje, mbuzi ana kimo gani, hewa ya pale ilipimwa ikaonekana ina nini. Watafika wenyewe kwenye kaboni dioksidi, gesi inayotoka ardhini, nzito kama mara moja na nusu ya hewa, inayotuama mabondeni upepo ukitulia. Kutoka hapo swali la damu na oksijeni litaulizwa na wao.

Usitaje jibu kwenye kichwa cha ukurasa. Mimi niliwahi kuandika juu kabisa "Sumu ya kaboni dioksidi", na darasa zima likamaliza kazi kabla ya mstari wa pili. Iliniuma, maana nilikesha nikiandaa somo lile.

Na uandike kwa herufi kubwa: ASIENDE MTU KUPIMA MAZUKU. Darasani chukua beseni lenye kina, simamisha mshumaa mfupi na mrefu, kisha changanya siki na bikaboneti humo ndani, chini ya miali. Mfupi utazimika kwanza.

Wanafunzi hawana mega za intaneti, na umeme ni wa kubahatisha. Mtandao wa nini? (Mwalimu, Bukavu)

Ukurasa wa HTML uliohifadhiwa kwenye simu hufunguka bila intaneti, kwa hiyo gawa faili mkono kwa mkono. Penye kompyuta moja, programu ya bure ya Kolibri huziwezesha simu za darasa kusoma kutoka humo kwa Wi-Fi. Video achana nazo, picha zipunguze uzito. Simu moja kwa watoto watano si hasara: njia hii ya kuanzia kwenye tatizo ilipoanza mwaka 1969 kwa wanafunzi wa udaktari wa McMaster, Kanada, ilikuwa ya vikundi vidogo vinavyobishana.

Prefe, mkuu wetu wa shule, anasema tutachelewesha programu ya masomo na mtihani wa taifa. (Mama mwalimu, Bukavu)

Ana hoja, mama. Chagua sura mbili au tatu kwa mwaka, nyingine zibaki ubaoni. Kila tatizo lifungwe kwa ukurasa wa maneno ya Kifaransa yatakayotokea kwenye mtihani.

Lubumbashi hatuna mazuku. (Mwalimu kijana)

Mna vilima vya shaba visivyoota miti, na juu yake linachanua ua la shaba, Haumaniastrum katangense. Udongo unaokataa miti umelikubalije ua hili? Picha wapige wanafunzi wenyewe, na kalamu ilazwe kando ya ua ili ukubwa wake uonekane.