Kuku hatoki jasho: niliyojifunza baada ya kupoteza kuku 37 mchana mmoja

Ilikuwa Oktoba, mvua za vuli bado hazijashika. Upepo wa ziwani ambao huku Buswelu, Mwanza, tumeuzoea kila mchana, siku hiyo haukuvuma kabisa. Saa nane nikasikia banda limenyamaza. Aliyewahi kufuga kuku wa mayai anajua kwamba banda likinyamaza mchana, kuna jambo. Nilipofungua mlango nikakuta kuku wamelala kifudifudi, mabawa wameyaachanisha na mbavu, midomo wazi, ngozi ya koo inapwitapwita upesi upesi. Karibu na ukuta wa nyuma, ule unaopakana na jabali, sita walikuwa wamekwisha kufa.

Nikakimbilia ndoo. Nikamwaga maji sakafuni, kwenye maranda, ukutani, mengine nikawamwagia kuku wenyewe. Kisha nikashusha maturubai pande zote ili jua lisipenye. Kufika saa kumi nilikuwa nimetoa mizoga 37.

Nilikuwa na uhakika ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza. Afisa mifugo alipokuja alimpasua kuku mmoja mbele yangu, akanionyesha nyama ya kifua: imepauka kama ya kuku aliyechemshwa. Kifuko cha chakula shingoni kilikuwa kimejaa pomoni. Akaniuliza, "Mama, uliwalisha saa ngapi?" Nikamwambia saa sita. Akatazama maji sakafuni, akatazama maturubai. "Mama, kuku hawa hawakuumwa. Wameshindwa kutoa joto."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha ufugaji upya. Ninaiandika hapa kwa ajili ya mwenzangu ambaye bado hajapata hasara ya namna hii.

Sisi tukipata joto tunatoka jasho. Jasho linakauka, na maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Ndivyo mtungi unavyopoza maji: udongo unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa. Kuku hana tezi za jasho hata moja. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hivi, yaani mtu akiwa na joto hilo tunamkimbiza hospitali, na juu ya mwili huo amevaa manyoya. Njia zake za kupoa ni chache. Anapeleka damu nyingi kwenye upanga wa kichwani, kwenye zile ndevu za chini ya mdomo na kwenye miguu, mahali pasipo na manyoya. Anatanua mabawa hewa ipite mbavuni. Anatafuta ardhi yenye ubaridi ailalie. Yote hayo yakishindikana anahema, ili unyevu wa kooni na kwenye mapafu ukauke na kuondoka na joto. Mtungi wake uko kooni.

Sasa utaona nilivyowaua. Nguo ukizianika siku ya mawingu na unyevu hazikauki, kwa sababu hewa imeshiba maji. Mimi nilimwaga ndoo kadhaa ndani ya banda, nikalifunga kwa maturubai, nikaijaza hewa yake mvuke. Kuku wakaendelea kuhema, lakini unyevu wa kooni haukukauka. Kuhema nako ni kazi ya misuli, na misuli ikifanya kazi inazalisha joto jingine. Chakula cha saa sita nacho kilikuwa kinameng'enywa tumboni, na kumeng'enya chakula huzalisha joto kwa saa kadhaa. Nilikuwa nimewakokea moto ndani na kuwafungia madirisha.

Kama unataka kutumia maji, upepo uje kwanza. Fungua pande zote. Mwaga maji juu ya bati na chini kuzunguka banda kwa nje, ndani usimwage. Kuku aliyezidiwa mtoe, mtumbukize miguu kwenye maji ya kawaida, mweke kivulini penye upepo. Hapo maji yanamsaidia kwa sababu yana pa kukaukia.

Watu husema Mwanza hakuna joto la kuua kuku, hatuko Dar. Ni kweli ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mchana wetu mara nyingi hauzidi nyuzi 30 kwa mbali. Lakini kuku haishi kwenye taarifa ya hali ya hewa, anaishi chini ya bati. Wiki iliyofuata nilining'iniza kipimajoto kwa kimo cha kuku. Nje kivulini kilisoma 29. Ndani, karibu na ule ukuta wa nyuma, 38. Usiku saa tatu nikaenda kuugusa ukuta ule: bado una joto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Jabali lilikuwa limekunywa jua kutwa, na sasa lilikuwa linalitoa. Sisi wa Mwanza tunapenda kujenga kwa kuegemea mawe kwa sababu yanatupunguzia gharama za ukuta. Kwa nyumba ya kuku, nakusihi, acha nafasi ya kupita mtu kati ya banda na jawe.

Mengine niliyobadilisha ni haya. Nilivunja nusu ya juu ya kuta ndefu nikaweka wavu. Nilipandisha paa, nikatandaza nyasi juu ya bati. Kama unajenga upya, ncha za banda zitazame mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige ukuta mfupi. Chakula natoa saa kumi na mbili asubuhi, na kingine saa kumi na moja jioni. Kuanzia saa nne hadi saa kumi sijazi vyombo. Maji ndiyo hayakosi, tena vyombo viko kivulini na mchana nayabadilisha, maana kuku akikuta maji ya vuguvugu anakunywa kidogo. Na wapunguze. Kuku waliobanana wanapashana joto wenyewe kwa wenyewe.

Dalili moja itakayokuonya mapema ni ganda la yai. Kuku akihema sana anatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko kawaida, na damu inapungukiwa na kitu kile kile ambacho mwili hukiunganisha na chokaa kutengeneza ganda. Mayai yanakuja mepesi, yanavunjika kwenye trei. Miezi miwili kabla ya msiba ule nilikuwa nalalamikia chakula, nikamlaumu hadi muuza chokaa, kumbe majibu yalikuwa kooni mwa kuku.

Kwa vifaranga mambo ni kinyume, na hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Kifaranga cha siku moja bado hakiwezi kujitunzia joto. Mwili ni mdogo, ngozi inayopoteza joto ni kubwa ukilinganisha na kilicho ndani, na manyoya ni yale malaika tu. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya ya kweli yaote. Kipimajoto kisikudanganye, wasome vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi, na wa chini watakufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia pembeni mwa bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto, midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakirundikana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia mahali, utafute. Wakitawanyika, hawa wanakula, hawa wamelala wamenyoosha miguu, nenda kalale na wewe. Umeme ukikatika watu huingiza jiko la mkaa. Tafadhali acha njia ya hewa, moshi wa mkaa usioonekana unaua vifaranga na unaua anayewalea.

Baada ya hapo nikawa natazama kila kiumbe kwa jicho hilo. Kwenye mawe nyuma ya nyumba tuna pimbi. Asubuhi na mapema hutawaona wakila. Wanatoka pangoni mmoja mmoja, wanalala juu ya jiwe ubavu ukielekea jua, na usiku wamelala wamebanana. Pimbi ana damu moto kama sisi, ila mwili wake unayumba joto kuliko wanyama wengi, kwa hiyo analiazima jua kwanza ndipo aende malishoni. Kisiwani Saanane utawaona vizuri zaidi. Jirani yake kwenye jiwe ni yule mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Huyo joto lake lote analiokota nje: jua likipanda anajilaza bapa, likizidi anaingia kwenye ufa. Kwa kuwa hanunui joto kwa chakula, anaishi kwa wadudu wachache. Kuku wako sehemu kubwa ya chakula unachomnunulia anakichoma ili awe kuku mwenye nyuzi 41, ndiyo maana anakula kila siku.

Mwenye bwawa la sato azingatie hapo hapo. Samaki ana joto la maji aliyomo. Alfajiri bwawa likiwa limepoa, tumbo lake linafanya kazi polepole, na chakula utakachomwaga kitazama na kuoza. Subiri jua lipashe maji, kuanzia saa nne. Asipokuja juu kwa pupa, acha kumwaga.

Nguruwe simfugi, ila jirani yangu anafuga, na nimemwambia aache kuwachapa wakigaagaa. Nguruwe karibu hana jasho la maana. Tope ndilo jasho lake, na linadumu kuliko maji kwa sababu linakauka taratibu. Ng'ombe wetu wa Kisukuma mwenye nundu anavumilia jua kwa jasho, ngozi iliyolegea na manyoya mafupi. Ukileta ng'ombe wa maziwa mwenye asili ya Ulaya, mjengee kivuli kabla hujamshusha kwenye gari.

Na mimea nayo. Jani lina vitundu vidogo, mara nyingi vingi zaidi upande wa chini, maji yanatoka humo kama mvuke na kulipoza. Maji yakiisha ardhini mmea unafunga vitundu ili usife kwa kiu, na jani linaanza kuchemka. Ndiyo maana mgomba mchana unakunja majani yake kutoka kwenye uti, jua lilipate jani kidogo, na mahindi yanajiviringisha. Mkonge wenyewe unafungua vitundu hasa usiku. Nyanya hana ujanja huo wa kutosha: joto likizidi anadondosha maua, na mkulima anakimbilia dawa ya wadudu. Weka matandazo ya nyasi shinani, mwagilia alfajiri maji yazame, na miche ihamishie shambani jioni, ili mizizi ipate usiku mzima wa kushika kabla ya jua la kwanza.

Siku hizi kila siku saa nane, wakati wengine wamepumzika, naingia bandani na kusimama kimya dakika tano. Sihesabu mayai. Natazama midomo. Jana nilikuta watano wamefungua midomo, wote kona ya magharibi, mahali ambapo nyasi juu ya bati zimepeperushwa na upepo. Nimeshakata nyingine bondeni, zinakauka. Fundi anapanda Jumamosi.