Haki zilizo "chini ya futi 8,000" ziko wapi?

SWALI: Namtafsiria mama mmoja Mkenya mkataba wa mafuta wa ardhi aliyoachiwa na marehemu mumewe huko Texas. Sehemu moja nimeandika: "Muda wa awali ukiisha, haki zote zilizo chini ya futi 8,000 zitarejeshwa kwa mwenye ardhi." Mwenzangu anasema nimepotosha. Kosa liko wapi? Na kifungu hiki, ambacho Wamarekani hukiita kwa jina la Pugh, tukiite nini?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Mtoto aliye chini ya miaka 5 hajafika miaka 5. Vivyo hivyo, kisima kilicho chini ya futi 8,000 hakijafika futi 8,000. Ukizungumzia ardhi, "chini" ni mahali. Ukiiweka mbele ya tarakimu, "chini ya" ni pungufu. Hapa maana hizo mbili zimegongana, na mama anaweza kuelewa kwamba anapata matabaka ya juu, ilhali mkataba unampa yale ya ndani zaidi. Andika "kuanzia kina cha futi 8,000 kwenda chini". Tena iwe kina, usiseme urefu wa kisima: visima vingi vya Texas siku hizi hushuka kisha hulazwa maili moja au mbili, hivyo urefu wake huzidi kina chake kwa mbali.

Halafu "zitarejeshwa". Kinachorejeshwa kina mrejeshaji, na mama atakaa akisubiri barua ya kampuni. Kwa kawaida kifungu hiki hakimngoji mtu: muda wa awali, mara nyingi miaka 3 hadi 5, ukiisha, mkataba unakoma wenyewe kwa sehemu isiyozalisha. Basi ni kukoma, si kukomeshwa.

Lawrence Pugh alikuwa mwanasheria wa mji wa Crowley, Louisiana. Alikitunga kifungu hicho mwaka 1947, baada ya mahakama ya juu ya jimbo hilo kuamua kwamba kisima kimoja kwenye eneo lililounganishwa, yaani vipande vya ardhi vinavyochimbwa kama kimoja, hushikilia mkataba mzima usikome. Tuseme umekodisha ekari 640 na kisima kimo katika eneo la ekari 80: bila kifungu hicho, zile 560 zingebaki zimeshikwa miaka nenda miaka rudi bila kuguswa. Mimi ningesema "kifungu cha ukomo wa ekari", na kile cha matabaka "kifungu cha ukomo wa kina". Ukomo umezaliwa na koma, na unabeba pia maana ya mpaka. Usijaribiwe na "kitalu". Hilo kwetu ni eneo ambalo serikali, mwenye mafuta yote yaliyo ardhini, huipa kampuni.

Na "mwenye ardhi" pia nalitilia shaka. Texas mtu anaweza kumiliki shamba huku mafuta yaliyo chini yake ni ya mwingine. Sema mkodishaji, ukikumbuka kwamba mama anakodisha na kampuni inakodi.

Sentensi yako iwe hivi: "Muda wa awali ukiisha, mkataba huu utakoma kwa haki zote za kuanzia kina cha futi 8,000 kwenda chini, na haki hizo zitamrejea mkodishaji."