Guy Gibson hakufia kwenye mabwawa

Wapo wanaodhani Guy Gibson, rubani Mwingereza aliyeongoza shambulio la mabwawa ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, alifia hukohuko. Hapana, usiku ule wa kuamkia 17 Mei 1943 alirudi salama Uingereza. Waliopotea ni vijana wake: ziliruka ndege 19 za mabomu aina ya Lancaster kwenda kubomoa mabwawa hayo, 8 hazikurudi, na kati ya watu 133 wakafa 53. Gibson mwenyewe alikufa 19 Septemba 1944, akiwa na miaka 26, ndege yake aina ya Mosquito ilipoanguka Steenbergen, Uholanzi. Tarehe imeandikwa kwenye jiwe la kaburi lake, hukohuko Steenbergen. Pamoja naye alikufa Jim Warwick, mwelekezaji wake wa njia, na inaniuma jinsi watu wanavyomsahau. Ila kilichoiangusha ndege ile bado kinabishaniwa.