Holmes wangu alikuwa anaongea kama konda: nilivyojifunza kuandika fanfiki

Fanfiki yangu ya kwanza ilianza hivi: Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kwenye vitabu vya Arthur Conan Doyle, anaingia chumbani kwao Baker Street, London, anamkuta rafiki yake Watson kakaa na gazeti, anamwambia "oya vipi, mambo?" Mi nikajiona nimeua kinoma, nani kashawahi kumfanya Holmes aongee cha mtaani. Nikamtumia mama mdogo WhatsApp, ni mwalimu wa Kiswahili sekondari huko Tanga na hadithi za upelelezi kazisoma mpaka basi. Akakaa kimya siku mbili, halafu voisi noti ikaingia: "Marahaba mwanangu, nimesoma. Hebu niambie, huyu ni Holmes au konda wa Gongo la Mboto?"

Nilinuna wiki nzima. Ila alikuwa sahihi.

Kwa ambao hamjui, fanfiki ni hadithi unayoandika we mwenyewe ila wahusika umewaazima kwa mtu. Msione kama ni kitu cha Wazungu tu, Abunuwasi hana mwandishi mmoja, kila bibi anamtungia kisa kipya akijisikia, na bibi akiteleza akamfanya Abunuwasi aonewe na kukubali kirahisi, wajukuu wenyewe wanamkatalia, "aah bibi, Abunuwasi hafanyi hivyo." Hiyo sentensi ya mtoto ndo kipimo. Unaweza kubadilisha nchi, mwaka, kisa, kila kitu, lakini msomaji akisema tu "huyu hafanyi hivyo" umeisha.

Kwaiyo kabla hujawaza stori, sikiliza kwanza mtu wako anavyoongea. Mi nilichofanya, nilichukua kisa kimoja cha Conan Doyle, nikachukua kauntabuku, nikaandika kwa mkono maneno anayosema Holmes peke yake, mengine yote nikaruka. Inachosha, mkono unauma, ila ukimaliza unaona vitu ambavyo ukiwa unakimbiza stori vinakupita. Salamu kwake ni ya kupita tu. Halafu haulizi kitu anachoweza kukwambia yeye, siku ya kwanza kabisa anakutana na Watson, hawajuani hata kidogo, anamwambia we umetokea Afghanistan, na maelezo anakuja kuyatoa baadaye kwa wakati wake. Akikosa kesi anajilaza kwenye kochi na kukwaruza fidla, akiipata hata kula hataki. Baada ya kurasa kama kumi nilikuwa naweza kumsikia kichwani akikataa sentensi zangu.

Na usiamini unachodhani unakijua. Ile "rahisi mno, Watson mpendwa" ambayo kila mtu anaitupia, kwenye vitabu vya Doyle, riwaya 4 na hadithi fupi 56, haipo kwa mpangilio ule, wengi tumeipata kwenye filamu. Mi sikuishia kuitumia tu, niliitafsiri "mpenzi wangu Watson", msomaji mmoja akaniuliza kwa upole kama nimeamua kuwaoanisha, maana wanaowaandika wakiwa wapenzi wapo wengi na sio vibaya, ila mi sikuwa na mpango huo kabisa!! Ndo nikashtuka kwamba kwa Kiswahili namna mtu anavyomwita mwenzie inabeba nusu ya stori. Sasa hivi Holmes wangu anasema "ndugu yangu Watson" akiwa na furaha na "Watson" kavu akiwa kazini, mama mwenye nyumba ni Bi Hudson, basi, na sentensi nyingi zilijirekebisha zenyewe baada ya hapo.

Kitu cha pili ni wapi uingie. Watu wanaoanza (mimi wa kwanza) wanataka kuandika upya stori nzima kuanzia mwanzo, chapta arobaini, wakati kazi ya mwandishi mwenyewe ina mianya imejaa. Angalia hii: kitabu cha kwanza, 1887, Watson ana jeraha la risasi ya vita begani, cha pili jeraha liko mguuni. Kuna kisa mkewe anamwita James na wakati jina lake ni John. Mwingine atasema Doyle kateleza, sawa, ila mwandishi wa fanfiki akiona hivyo anakaa chini anauliza kwa nini mke ampe mumewe jina jingine, na hapo tayari una hadithi ya kurasa tano.

Mwanya mkubwa kuliko yote ni ule wa miaka mitatu. Mwaka 1893 Doyle alichapisha kisa cha Holmes kuanguka kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, mwaka 1903 akamrudisha, na ndani ya hadithi zenyewe Holmes anakuwa kapotea kuanzia 1891 mpaka 1894. Akirudi anamweleza Watson kwa mistari michache tu, nilikuwa Tibet, nikatembea kwa jina la Sigerson, Mnorwe, nikapita Uajemi, nikachungulia Makka, nikaenda kumwona Khalifa wa Khartoum. Basi! Nilipofika hapo kitabu kilinidondoka. Mtu kafika Makka, halafu kaskazi inavuma, majahazi yanashuka kutoka Uarabuni kuja huku kwetu, we unaniambia hakupanda hata moja?

Ndo nikamshusha Unguja, 1893, Mnorwe mrefu mwembamba anauliza maswali mengi forodhani. Visiwa viko chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, kwaiyo ana sababu ya kujificha, kila ofisa anaweza kumjua. Nikamuweka mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, iko pale tangu 1883 enzi za Seyyid Barghash, safi. Halafu nikaharibu. Usiku nikampeleka kwenye taarabu kumsikiliza Siti binti Saad. Msomaji kutoka Zanzibar akaniandikia, na alikuwa mstaarabu kuliko mama mdogo, kwamba Siti kazaliwa Fumba miaka ya 1880 hivi, mjini kahamia 1911, na santuri zake zimeanza 1928, sasa huyo Mnorwe wako alimsikia wapi? Nilifuta kurasa tatu, na zilikuwa tamu jamani. Siku hizi kila jina na kila jengo linaloingia natafuta mwaka wake kwanza, dakika mbili tu, ila zile kurasa tatu bado zinaniuma.

Halafu Zuhura, binti niliyemtunga mwenyewe nikamtia kwenye stori. Kila anayeanza ana Zuhura wake. Wangu alikuwa na miaka 19, lugha 7, anajua kuendesha jahazi, uzuri ndo usiseme, na Holmes alikuwa anamwomba ushauri. Ugonjwa huu wa zamani mpaka una jina, Mary Sue, limetoka kwenye kisa kifupi cha utani alichoandika Paula Smith mwaka 1973 kuwacheka wapenzi wenzake wa Star Trek, ile tamthilia ya TV ya safari za anga, binti wa miaka 15 na nusu anayeweza kila kitu kwenye chombo chao. Sikumfuta Zuhura. Nilimpunguzia lugha zikabaki mbili, nikampa sababu ya kumdanganya Holmes, na nikamwacha Holmes amkamate uongo mmoja huku mwingine unampita. Ghafla watu wakaanza kumuulizia.

Urefu: andika tukio moja, maneno kama 1000, ulimalize. Mi nina hadithi nne zilizokufa chapta ya tatu, zipo tu kwenye laptopu.

Kuhusu kuuza, Holmes yuko huru, Doyle alifariki 1930 na hadithi za mwisho kabisa zilitoka kwenye hakimiliki ya Marekani mwanzoni mwa 2023. Wahusika wengine wengi bado wana wenyewe, waandike kwa mapenzi na usiweke bei. Au fanya kama Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alichukua lile umbo la mpelelezi na swahiba wake akatupa Bwana Msa na kiko chake na Najum pembeni, kitabu cha kwanza kikatoka 1960, na hakuna anayesoma akasema huyu ni Mwingereza kavaa kanzu.

Kwa sasa nimekwama kwenye barua. Holmes kaishiwa hela Unguja na mtu wake pekee anayejua kwamba yuko hai ni kaka yake Mycroft, kamzidi miaka 7. Mama mdogo kanirudishia mara mbili, anasema mtu hawezi kumwomba kaka yake mkubwa hela bila shikamoo, "hata kama ni Mzungu, mwanangu, umemwandika kwa Kiswahili." Mi namwambia mama, Holmes akisema shikamoo watu watanicheka. Tumebishana mpaka bando likaisha. Nimeiacha barua ianze "Kaka," halafu nafasi tupu, halafu kiasi anachotaka.